Mzee wa Masjala na Watoto wa Juzuu la Pili

Uvumilivu wangu uliisha Jumatano moja asubuhi, dirishani kwa nesi, mtoto akiwa mgongoni.

Nesi alipitisha kidole juu ya orodha ya maziwa ya watoto, akageuza karatasi, akageuza tena, akasema jina halipo. Ulikuwa mwezi wa nne kuniambia hivyo. Mwezi wa kwanza nilidhani nimekosea siku. Wa pili wakasema huenda mtoto ameongezeka uzito akaondolewa. Nikafungua kadi ya kliniki nikawaonyesha alama yake, iko chini ya mstari na inazidi kushuka. Wa tatu nikaambiwa nikasubiri nyumbani. Mwanangu Zakaria alikuwa ana mwaka na miezi miwili, na ukimbeba ulikuwa hujui kama umembeba.

"Dada, mimi nasoma kilichoandikwa," nesi alisema. "Halipo."

Nikapenyeza mkono dirishani nikaichukua ile orodha. Sikuomba. Zilikuwa karatasi za kompyuta, zile ndefu zenye matundu pembeni, zilizoshikana moja na nyingine, nami nikazivuta zikamwagika mpaka miguuni mwa wenzangu wa foleni. Nilitaka kuiona herufi Z kwa macho yangu. Z haikuwepo. Y haikuwepo. W nayo haikuwepo. Orodha iliishia kwa mtoto aitwaye Veronika, na chini yake, pale panapokaa jina la mtoto, palichapwa maneno haya: INAENDELEA JUZUU LA PILI.

Nikamuuliza nesi hilo juzuu la pili liko wapi. Akanijibu kwamba hata yeye analisubiri. Miezi minne anakaa dirishani na kulisubiri, na miezi minne anaturudisha nyumbani.

Nikakaa chini. Wenzangu wakadhani ni njaa, mmoja akaniletea maji. Haikuwa njaa. Nilikuwa nimemjua mwandishi wa ule mstari. Katika mji wote wa Tabora ni mtu mmoja tu aliyekuwa akiandika hivyo, na mtu huyo anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na kila jioni anapita akamwona Zakaria mlangoni.

Tulimwita Mzee wa Masjala. Jina lake analo, ila silisikii likitumika, hata mkewe alimwita Masjala. Tangu nipate akili alikuwa karani wa kutunza mafaili, kwanza ofisi za serikali, baadaye kwenye mradi huu wa chakula cha watoto. Alikuwa mtu wa kofia na kanzu siku ya Ijumaa, na siku nyingine suruali ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa magotini. Alikuwa na baiskeli aliyoifunga kamba kila mahali palipokuwa na skrubu.

Kamba ndiyo ilikuwa dini yake ya pili. Ile kamba nyembamba ya mafaili, aliinunua mwenyewe dukani kwa Mhindi, kwa sababu ya ofisini ni mali ya umma, akafungia kila kitu cha nyumbani kwake. Mafungu ya mchicha wa mkewe, miwani yake, mlango wa banda la kuku. Fundo lake lilikuwa moja, dogo, bapa, na ukilivuta upande usio wake halifunguki mpaka kiyama. Sisi watoto wa mtaa alitupa namba. Mimi nilikuwa Kumi na Nne. Nikipita na ndoo ataniuliza, "Kumi na Nne, umesajiliwa leo?" maana yake umekwenda shule. Nilipomaliza kidato cha nne akasema jalada langu la kwanza limejaa. Nilipoolewa akamwambia mama yangu kwamba sasa ni juzuu la pili, na akamwonya mume wangu, ambaye ni mfanyakazi wa stesheni kule Tura, kwamba jalada haliazimwi bila sahihi. Mume wangu alicheka wiki nzima.

Nilimfahamu zaidi katika miezi mitatu niliyofanya kibarua masjala, nikisubiri matokeo ya mtihani. Pale ndipo nilipojifunza sheria yake kubwa. Faili likifika karatasi mia, limeshiba. Halilishwi tena. Karatasi ya mwisho anaandika kwa wino mwekundu, "Inaendelea Juzuu la Pili." Anafungua faili jipya, na karatasi ya kwanza anaandika, "Linatoka Juzuu la Kwanza." Kisha anayafunga yote mawili pamoja, kwa lile fundo. Hagawi nusu kwa nusu. Anafunga pale pale liliposhibia, hata kama ni katikati ya ugomvi wa watu.

Nilimuuliza siku moja kwa nini mia, kwa nini si mia na kumi. Akasema aliyeamua hakumpigia simu. Ila akaniambia kwamba hata wapagazi wa zamani, waliotoka hapa na pembe za ndovu mpaka pwani, walikuwa na kiasi cha mzigo. Ukizidi, haongezewi mtu, unagawanywa kwa wawili, na wa pili anatembea akiuona mgongo wa wa kwanza. "Asipouona mgongo," alisema, "huo si msafara, hao ni watu waliopotea." Kwetu kila ukoo una mpagazi wake, kwa hiyo ukitaja wapagazi hakuna wa kubisha. Nikaandika kwenye daftari langu. Nilikuwa bado namwona mtu mkubwa.

Kulikuwa na mkuu mmoja wa idara, mtu wa tumbo na sauti, aliyeleta faili nene kama mto wa kulalia, amelibana kwa mkanda wa suruali kuukuu. Akataka litunzwe hivyo hivyo, anasafiri. Mzee wa Masjala alitandika gazeti sakafuni, akapiga magoti, akaanza kuhesabu karatasi moja moja huku mkuu amesimama juu yake. Alipofika mia akatoa kalamu nyekundu. Mkuu akasema, "We mzee, mimi nina treni." Akamjibu, bila kuinua uso, kwamba treni nayo ina mabehewa, hawakulijenga behewa moja la kutoka hapa mpaka Dar. Makarani wote tukainamia meza tusionekane tukicheka. Yule mkuu alisubiri. Akaondoka na mkanda wake mkononi.

Alikuwa bahili wa ajabu. Penseli ya masjala ilikuwa kipande cha urefu wa kidole, kimefungwa mezani kwa kamba, na ukitaka kuandika unainama wewe. Hakunipa karatasi hata moja ya kufanyia hesabu. Lakini matokeo yangu yalipotoka, ilipobidi niandike maombi ya kazi kwa mashine, alikataa katakata kutumia mashine ya ofisini, akanipakia nyuma ya ile baiskeli ya kamba, akanipeleka mpaka Kipalapala, kwa padre mmoja aliyefahamiana naye, mwenye taipureta yake binafsi. Jua la mchana, mchanga, yeye umri ule, anakanyaga na kuhema. Karatasi tulibeba ya kwetu. Alikaa kwenye benchi akinywa maji na kuzungumza na padre habari za mhogo, nami ninachapiwa barua yangu. Ilipomalizika aliisoma, akasema neno la tatu lina herufi imeruka, ikachapwa upya. Ndiyo maana nasema nilimpenda. Nisingempenda, nisingekasirika hivi.

Na liko jambo moja alilolifanya ambalo lilikuwa fahari ya mtaa wetu, ingawa lilizungumzwa kwa kunong'ona. Wakati watu walipohamishwa kutoka kwenye makazi yao ya zamani kupelekwa vijiji vya ujamaa, alikuja bosi akaamuru mafaili ya vijiji vilivyovunjwa yachomwe. Vijiji havipo tena, mafaili ya nini. Mzee wa Masjala akasema ndiyo bwana. Hakubisha. Akakaa wiki mbili akiyachukua yale mafaili ya zamani moja moja, akayaandika nje, "Juzuu la Kwanza," akayafunga kwa kamba na mafaili ya vijiji vipya, ambayo aliyaandika, "Juzuu la Pili." Bosi alipouliza mafaili ya vijiji vya zamani yako wapi, akajibiwa kwamba hakuna faili la kijiji cha zamani humu ndani, yako ya vijiji vipya tu. Na kweli. Miaka baadaye watu walipogombania mashamba waliyoyaacha, mipaka yao ilikutwa mle, na majina ya baba zao, na michoro ya miti.

Mtu wa namna hiyo. Sasa sikilizeni.

Mradi uliletewa kompyuta na wafadhili. Ilikuwa kubwa kama kabati la vyombo, imewekwa chumba chenye kiyoyozi, chumba pekee chenye baridi nilichokijua katika mji huu, mtu anaingia bila viatu. Makarani walikuwa wakitafuta visingizio vya kwenda kupunga joto. Mzee wa Masjala aliingia amevaa koti la mvua. Mtaalamu aliyekuja nayo, kijana wa Kizungu mwenye ndevu, alimfundisha wiki sita. Alisema mfumo wake unaitwa Yuniksi. Mzee alirudi mtaani na furaha ya bwana harusi, kwa sababu mbili. Ya kwanza, vitu vya ndani ya mashine vinaitwa mafaili. "Hata wao wameona hakuna njia nyingine," alituambia. Ya pili, mashine nayo ilikuwa na kiasi. Faili likifika ukubwa fulani haliongezeki tena, chochote unachoingiza baada ya hapo kinakatwa. Mtaalamu alimweleza kwamba nafasi ya kuhifadhia ni ndogo, kwa hiyo kila faili limewekewa mpaka, na mpaka huo unaondolewa na mwenye neno la siri la mkubwa wa mashine. Neno hilo mtaalamu aliondoka nalo. Mzee hakulihitaji. Yeye mipaka alikwisha kuizoea.

Kompyuta ilitunza faili la watoto wote wa mradi, kwa herufi, na kila mwezi ilichapa orodha za kupelekwa kliniki. Ule mwaka mvua zilikataa, watoto wakaongezeka. Siku moja mashine ikaandika kwenye kioo kwamba faili ni kubwa mno. Karani mwingine angepiga kelele. Mzee wa Masjala alifanya alivyofanya maisha yake yote. Akalifunga faili pale liliposhibia, baada ya mtoto wa mwisho wa V. Akaandika mstari, inaendelea juzuu la pili. Akafungua faili jipya, akaandika linatoka juzuu la kwanza, akaingiza watoto wa W, Y na Z. Akafunga mlango akaenda kunywa chai.

Karani yeyote wa masjala, akiukuta ule mstari, anainua mkono rafuni anachukua juzuu linalofuata. Yeye alijua hivyo. Mashine haikujua. Ilikuwa imefundishwa kuchapa faili moja, kwa jina lake, na ilichapa hilo hilo, pamoja na ule mstari wake wa mwisho, ikauweka kwenye safu ya majina ya watoto, kwenye orodha ya kila kliniki. Juzuu la pili likakaa ndani ya kabati la baridi, zima, safi, na watoto wetu ndani yake.

Haya niliyajua baadaye, kwa mdomo wake. Jumatano ile nilitoka kliniki moja kwa moja mpaka ofisi ya mradi, sikupita nyumbani kumbadilisha mtoto nepi. Alikuwa dirishani kwake, miwani na kamba.

"Marahaba," alisema.

Sikuwa nimemwamkia. Kwetu hapa mtu wa umri wangu kumsimamia mtu wa umri wake bila shikamoo ni sawa na kumpiga kofi. Alikuwa ameona uso wangu akanisaidia kuivuka aibu hiyo, na hilo nalo likanichoma.

Nikamuuliza juzuu la pili liko wapi.

Nilitegemea ashangae. Nilitegemea aseme juzuu gani, nami nimweleze, naye ashike kichwa, tukimbie wote kwa bosi. Nilikuwa nimekwisha kumsamehe njiani, nawaambia kweli. Kosa ni kosa.

"Lipo," alisema. "Halijapotea."

Kumbe alijua. Alijua tangu siku alipolibeba furushi la orodha akahisi ni jepesi. Alilifungua, akakuta linaishia V. Akaenda kwa bosi wa mradi. Bosi akamwambia wafadhili wanakuja kutembelea, wakisikia mashine inaacha watoto wataichukua mashine yao na maziwa yao, kwa hiyo asubiri mpaka mtaalamu arudi. Akaongeza, usiliandike jambo hili mahali popote. Naye hakuliandika.

Akavuta mtoto wa meza. Mle ndani mlikuwa na mafurushi manne ya karatasi, yamefungwa kamba. Alikuwa amelinakili juzuu la pili kwa mkono, kutoka kwenye kioo cha mashine, la kila mwezi, jina kwa jina, kliniki kwa kliniki. Mwandiko wake ule wa kulala upande mmoja. Yote yalikuwa tayari. Yote yalikuwa pale.

Nilitazama yale mafurushi, na Zakaria akaanza kulia kile kilio chake cha siku zile, kisicho na nguvu, kama mtu anayelalamika usingizini.

"Mkono wa kuyaandika ulikuwa nao," nikasema. "Wa kuyapeleka ulikatika?"

"Hayana barua ya kusindikiza," alijibu. "Karatasi haitoki masjala bila barua, na barua haitoki bila sahihi ya mkubwa. Unajua. Nilikufundisha."

"Zaka yumo?"

"Yumo. Ukurasa wa kumi na mbili, mstari wa saba."

Alikuwa anaujua kwa kichwa. Anapita kwangu kila jioni, ananiuliza mtoto anaendeleaje, namwambia hajambo kidogo, anasema Mungu ni mkubwa, na kichwani ana ukurasa na mstari. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaweka hapa. Nilimwambia mbuzi ana huruma kuliko yeye. Nikamkumbusha mafaili ya vijiji. Nikamwambia wakati ule uliamriwa uchome ukatafuta njia, leo umeambiwa unyamaze ukanyamaza, ni nini kimekupata, ni uzee au ni baridi ya kile chumba?

Akavua miwani, akasema, "Karatasi naijua, mwanangu. Ile mashine siijui. Niliogopa wakichunguza watakuta ni mimi niliyeiharibu."

Hapo ndipo alipotaka kunisaidia, na hapo ndipo nilipokasirika upya. Akasema malalamiko ya mdomo ni upepo. Lakini barua ikitoka nje, ikapokelewa masjala, ikapigwa mhuri, lazima ijibiwe, ndio utaratibu, hata bosi hawezi kuuvunja bila kuandika. Barua ikiuliza orodha, jibu lake ni orodha. Hapo mafurushi yale manne yanatoka bila kumwomba mtu ruhusa.

"Kumbe ulikuwa unanisubiri mimi," nikasema.

"Nilikuwa namsubiri mama yeyote. Miezi minne hakuna aliyeandika."

"Wengi hawajui kuandika, Mzee."

Sidhani kama jambo hilo lilikuwa limewahi kumpitia akilini. Mtu aliyekaa katikati ya karatasi tangu ujana. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kuna chumba kingine ndani ya nyumba yake.

Nikarudi kliniki siku ya pili yake, siku ya mizani. Nikasimama mbele ya foleni nikauliza kwa sauti, nani mtoto wake anaanza na W, Y au Z, na amekuwa akiambiwa halipo. Wakatazamana. Mmoja akainua mkono, halafu wa nyuma yake, halafu tukawa tisa pamoja nami. Tisa, katika kliniki moja, na kila mmoja alikuwa akijidhania ni yeye peke yake. Mama mmoja kutoka vijijini, mwanawe Wande, alisema alidhani ametengwa kwa sababu Kiswahili chake ni cha Kinyamwezi. Mwingine alidhani ni kwa sababu mumewe hakulipia kadi ya chama. Mwingine alikuwa amekwisha kuacha kuja, siku hiyo alimsindikiza dada yake tu.

Nilikuwa naandika kwenye daftari. Mama wa kumi hakuwa na mtoto. Anauza chapati pale nje ya geti, alikuwa amesimama pembeni na beseni lake. Akasema, "Wangu alikuwa Yasini." Nikaacha kuandika. Akaniuliza kwa nini nimeacha. Nikamwambia pole sana mama, sikujua. Akasema pole ameshapewa nyingi, andika.

Nilipeleka barua siku ya Ijumaa. Mzee alikuwa na kanzu yake. Safari hii nilimwamkia, akaitikia, na baada ya hapo hatukuwa na maneno ya kando. Aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma yote palepale, kama anavyosoma kila kitu, kidole chini ya mstari. Nilikuwa nimeandika kwamba karani wa masjala alijua. Nilikuwa nimekusudia aione.

Akasimamisha kidole. "Hapa umekosea," alisema. "Umeandika nilijua mwezi uliopita. Nilijua mwezi wa pili wa tatizo. Rekebisha."

Akanisukumia ile penseli ya kamba. Nikasema ya penseli itafutwa, akasema kweli, akanipa kalamu yake mwenyewe ya mfukoni. Nikarekebisha. Akaendelea mpaka kwenye majina. Kidole kikashuka, kikafika kwa Yasini na lile neno nililoliandika mbele yake, na kikakaa.

"Nilimwandika mara nne," alisema.

Ya nne ilikuwa baada ya mazishi, na sote wawili tulikuwa tunaweza kuhesabu.

Akaigonga mhuri, akaandika tarehe na namba, akanipa nakala yangu. Sijui kama aliyeandika mafurushi yale kwa mkono alikuwa mtu mwema aliyefungwa kamba, au mtu wa kamba tu aliyeonekana mwema kwa sababu tulikuwa watoto. Nimeshindwa kuamua. Waamue wenye moyo baridi. Barua yangu ni hii, sikubadilisha neno.

*

Kwa Mkuu wa Mradi,
Kupitia Masjala.

YAH: WATOTO WALIOACHWA KATIKA ORODHA YA MAZIWA

Ndugu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

1. Kwa miezi minne orodha inayoletwa kliniki kwetu inaishia herufi V. Watoto wa herufi W, Y na Z hawasomwi. Wako kwenye juzuu la pili, ambalo halikuletwa.

2. Karani wako wa masjala alijua tangu mwezi wa pili wa tatizo hili, akakuarifu. Wewe ulimwambia asiandike. Yeye akatii. Mimi nawalaumu wote wawili, na sisemi nani zaidi.

3. Sisemi afukuzwe. Nasema aulizwe, na wewe uulizwe, na majibu yaandikwe.

4. Naomba jibu la barua hii liambatane na juzuu la pili la miezi yote minne, kwa kliniki zote, siyo yetu tu, na maziwa ya miezi hiyo yatolewe.

5. Kama mashine haiwezi kubeba watoto wote, semeni. Tutaandika kwa mkono. Wanaojua kuandika watawaandikia wasiojua.

6. Majina ya kliniki yetu ni haya. Nimeanza na Z kwa makusudi.

Zuhura. Zena. Zakaria. Zabibu. Yusufu. Yasini (marehemu). Yakobo. Winfrida. Wande. Wambura.

7. Kuhusu Yasini. Alifariki mwezi wa tatu wa kusubiri. Mama yake hadai maziwa. Anaomba jina la mtoto lisifutwe, na siku juzuu la pili litakapofika, lisomwe dirishani mara moja, kwa sauti, mahali pake kwa herufi, baada ya Yakobo. Yeye atakuja kuitika.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mama Zakaria